Kopo Limezidi Tena

Machi 3, Jumanne

Daftari hili ni la matumizi ya nyumba. Mbele kuna hesabu, kila kipande cha sabuni na kila kiberiti. Leo nimeligeuza na kuanza kuandika nyuma, kwa sababu yapo mambo yasiyo na bei na sijui niyaweke mstari gani.

Mvua ya kwanza imepiga mchana. Baba watoto amerudi saa kumi, mapema kuliko kawaida, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kuvua viatu vya kazi. Nikajua kuna jambo. Yeye anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala la vigae. Mvua zikianza wajenzi husimama, wajenzi wakisimama vigae hulala, na vigae vikilala saa za ziada hupungua. Miaka mingine hupungua. Mwaka huu wamezifuta kabisa, hadi mvua ziishe.

Saa za ziada zilikuwa zinatuletea laki mbili kwa mwezi. Rejesho la mkopo wa nyumba ni laki nne na elfu thelathini, kila tarehe ishirini na nane, na bado tuna miaka tisa.

"Twende benki," akasema. "Watuongezee miaka, rejesho lipungue."

"Tulipe mpaka tushike mikongojo?"

"Kukopa harusi, mke wangu, kulipa matanga. Sisi si wa kwanza."

"Basi matanga yetu tutayakalia wenyewe. Benki hawatatuona tukilia."

Hakubishana. Huwa habishani nami kwenye pesa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa uwaziri wa fedha wa nyumba hii, siku tulipohamia, mbele ya watoto, akanikabidhi kopo tupu la maziwa kama hazina ya taifa. Nimemwambia tutakaza mkanda. Tumewahi kukaza.

Machi 5, Alhamisi

Nimetoa balbu ya korido na ya chooni. Sabuni ya mche nimeikata vipande sita badala ya vinne. Chai inachemshwa mara moja asubuhi, inakaa kwenye chupa hadi jioni. Mkate nanunua wa jana, muuzaji ananipunguzia robo ya bei na ananitazama kwa huruma, huruma ambayo sijamlipia. Mimi nashuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu, nauli inapungua. King'amuzi hatutalipia mwezi huu.

Mtoto wetu wa mwisho, Kifaranga, ana miaka sita. Ameuliza kama hali hii ni ya siku ngapi. Dada yake, mwenye kumi na tano, ambaye nyumba nzima tunamwita Dada, akamjibu kabla yangu: "Mpaka vigae viamke."

Machi 8, Jumapili

Wifi amekuja kula. Kila Jumapili anakuja, mikono mitupu, na hamu ya chakula kama mtu aliyetoka mgodini. Ni msusi, ana saluni yake ndogo karibu na shule ya Dada, hana mume wala mtoto, na sijui pesa zake zinaenda wapi. Baba watoto amenunua nyama nusu kilo kwa heshima ya dada yake. Nusu kilo. Nilimwita jikoni.

"Mkono wako umetoboka."

"Ni Jumapili."

"Benki hawana Jumapili."

Wifi akasikia. Alipokuwa anaondoka akaniaga, "Haya, mkono wa birika, asante kwa chakula." Akacheka. Nami nikacheka, meno tu.

Machi 11, Jumatano

Mvua. Kazini, kwa daktari wa macho, mteja ameleta miwani aliyoifunga kwa waya wa umeme. Nikamwekea skrubu, akaomba arudishiwe waya wake. Wenzetu ni wengi.

Machi 14, Jumamosi

Jumamosi nahesabu kopo. Pesa ya matumizi madogo ya wiki inakaa humo, juu ya kabati la jikoni, na kila mtu anajua: ukichukua sema, ukirudisha chenji sema. Leo kopo limezidi elfu tatu. Nimehesabu mara mbili. Labda nilisahau kutoa ya dawa ya panya. Nimefurahi kama mtoto.

Machi 18, Jumatano

Paa linavuja chumba cha watoto, pembeni, juu ya kitanda cha Kifaranga. Tumesogeza kitanda, tumeweka beseni. Kifaranga aliuliza kama kulitengeneza paa ni kazi yetu au ya benki, kwa kuwa nyumba ni ya benki. Baba yake akamweleza kwa utulivu kabisa kwamba sebule na choo tumeshamaliza kuvilipia, jikoni tumefika nusu, na vyumba vya kulala bado ni vyao.

Kabla ya kulala mtoto akasimama katikati ya chumba na kusema, "Benki, naomba kulala." Tumecheka hadi machozi, hata Dada. Nimeandika hili ili nisisahau kwamba tulicheka.

Machi 21, Jumamosi

Kopo limezidi tena. Elfu sita. Nimemwambia baba watoto, "Asante kwa chenji." Akasema, "Mm." Alikuwa anapigilia kisigino cha kiatu. Nimejisikia vizuri kwamba naye anajitahidi kimyakimya.

Machi 22, Jumapili

Wifi tena. Tulikuwa tunaosha vyombo, mimi naye, akaniambia bila kunitazama, "Wifi, Dada amekonda."

"Anarefuka."

"Kurefuka nakujua. Nasema amekonda."

Nikamwambia kwamba mtoto hulelewa na anayelala naye nyumba moja, si na anayekuja Jumapili. Akakausha sahani moja muda mrefu sana. Baba watoto alipoingia tukawa tunazungumzia mvua.

Bado nina hasira ninapoandika. Mtu anakula kwangu, halafu ananifundisha kulisha.

Machi 28, Jumamosi

Rejesho limekwenda, lote, kwa siku yake. Kilichobaki hakifai kuandikwa. Lakini limekwenda. Kopo limezidi elfu saba na mia tano. Nikiendelea hivi watu wataanza kuja kusoma kwangu.

Aprili 2, Alhamisi

Mvua siku nne mfululizo. Nguo hazikauki. Nakwenda kazini na sketi yenye ubaridi kiunoni.

Aprili 4, Jumamosi

Limezidi, elfu saba na mia tano tena. Mchele umefika mwisho wa wiki bila kuongeza. Dada hali sana jioni siku hizi, anakula kidogo na kumsukumia mdogo wake. Nimemsifu mbele ya baba yake kwamba ana moyo.

Aprili 9, Alhamisi

Hakuna jipya. Beseni mbili sasa.

Aprili 15, Jumatano

Siku mbaya.

Kazi yangu ni kukata lenzi. Daktari wa macho anapima mteja huko mbele, karatasi inakuja kwangu nyuma, nami napima kitovu cha jicho, naweka alama, nasaga ukingo kwenye jiwe linalozunguka huku maji yakidondoka, mpaka lenzi iingie kwenye fremu kama yai kwenye kikombe chake. Miaka kumi na moja. Nimeharibu lenzi tatu katika miaka kumi na moja, na mbili za mwanzo nilikuwa bado mwanafunzi.

Leo nimeharibu ya nne. Lenzi ya mzee mmoja, zile za gharama, za kuonea mbali juu na kusomea chini. Nilisaga ya kulia kwa vipimo vya kushoto. Nilikuwa nafikiria bei ya bati. Nilipoiinua kwenye mwanga nikaona alama imekaa upande usio wake, nikakaa nayo mkononi kama mtu aliyeokota kitu cha wengine.

Daktari si mtu mbaya. Alifungua kitabu cha bei, akakifunga. "Elfu sitini," akasema. "Nitakata mara mbili, thelathini thelathini."

"Nashukuru, Daktari."

"Unalala vizuri?"

"Nalala."

Jioni mezani nimewaeleza wote, kwa sababu katika nyumba hii hatufichani hesabu. Nikasema mayai basi mpaka mwezi wa sita. Nikasema kila mtu aangalie anapoweza kupunguza. Baba watoto akasema, "Watoto wasipunguze kitu." Nikamjibu kwamba watoto nao wanaishi kwenye nyumba hii. Dada alikuwa ananitazama. Akasema, "Sawa, Mama," kwa sauti ya mtu mzima.

Aprili 18, Jumamosi

Limezidi elfu nane na mia tisa. Sikumwuliza baba watoto. Niliogopa nikiuliza litaacha.

Aprili 19, Jumapili

Wifi hakuja. Amemtumia kaka yake ujumbe kwamba ana wateja. Mchuzi ulitosha. Nilitegemea ningefurahi zaidi.

Aprili 25, Jumamosi

Elfu kumi na moja. Kiatu cha Dada cha kushoto kimefunguka mdomo. Nikamwuliza kimekuwaje wakati anapanda gari kwenda na kurudi. Akasema ni matope ya uwanja wa shule. Baba yake amekigundisha kwa gundi ya vigae, amesema kitadumu kuliko mguu.

Aprili 28, Jumanne

Rejesho limekwenda. Tumepungukiwa elfu nane, nikachukua kwenye akiba ya kopo, ile ya ziada. Limekwenda lote, kwa siku yake. Baba watoto akasema tena, kwa upole, tuwaone benki. Nikamwonyesha kopo.

"Tunaweza," nikamwambia. "Unaona? Tunaweza."

Akaliangalia kopo, akaniangalia mimi. "Unatoa wapi hizi?"

"Si wewe unayerudisha?"

"Mimi? Mimi nimekuwa natembea na mfuko mtupu tangu mwezi wa tatu."

Tulicheka kidogo. Nikasema basi ni kuhesabu kwangu. Nilidhani ni kuhesabu kwangu.

Mei 6, Jumatano

Naandika Alhamisi. Jana sikuweza.

Saa nne na nusu asubuhi simu imelia nikiwa kwenye jiwe. Mwalimu wa darasa wa Dada. Akasema, "Mama, usishtuke," na hapo nikashtuka. Dada ameanguka darasani. Alikuwa amesimama kujibu swali, akashika dawati, akaenda chini. Yuko chumba cha muuguzi, amezinduka, anaongea.

Sikumbuki nimefikaje. Nakumbuka niliingia na aproni ya kazi, yenye utope mweupe wa lenzi, na wanafunzi wakanipisha.

Dada alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba, soksi tu miguuni, na jambo la kwanza nililoliona ni miguu yake. Miguu yenyewe. Sikuwa nimeiona siku nyingi. Ilikuwa kama ya mtoto wa miaka kumi.

Muuguzi wa shule ni mwanamke mnene, mpole, ana sauti ya chini. Aliniketisha.

"Asubuhi amekunywa nini?"

"Chai. Na mkate."

"Jana mchana alikula nini?"

"Anakula hapa, kantini. Nampa pesa kila Jumatatu, ya wiki nzima."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akamgeukia Dada. Dada akageukia ukuta.

"Nimeongea na mama wa kantini," muuguzi akasema. "Anasema hajamwona tangu mwishoni mwa mwezi wa tatu."

Ndipo nikaelewa. Sikuelewa polepole. Lilinijia lote kwa mkupuo. Elfu moja na mia tano kwa siku, siku tano: elfu saba na mia tano. Ile ile niliyompa mkononi Jumatatu, niliikuta kwenye kopo Jumamosi. Nami kazi yangu ni vipimo. Nikaandika kwamba watu watakuja kusoma kwangu. Liko pale juu, Machi 28, kwa mwandiko wangu. Na baada ya ile siku ya lenzi, elfu nane na mia tisa, elfu kumi na moja: hiyo ya juu ilikuwa nauli. Alikuwa anarudi kwa miguu, kilomita tano, kwenye mvua, na tumbo tupu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza. Swali la kijinga.

Akajibu ukuta. "Ulisema tutakaza mkanda, halafu ukasema kila mtu apunguze anapoweza. Mimi sina kitu kingine."

Muuguzi akatoka nje akajifanya anatafuta kitabu.

Nilimvalisha viatu. Cha kushoto kilikuwa kimelowa mpaka ndani. Nikamwuliza alikuwa anaishije mchana kutwa. Akasema anakunywa maji, anakaa maktaba, kule hakunuki chakula. Na Alhamisi anapitia kwa shangazi.

"Shangazi anajua?"

"Aliniona nje ya geti saa ya chakula, mwezi wa tatu. Akaniita, akanipa chakula. Nikamwapisha asiseme. Alisema nisipokwenda kila Alhamisi atakuja kuwaambia."

Tumepanda gari kurudi nyumbani, mimi naye, kiti kimoja. Bega lake lilikuwa kwenye mkono wangu, nikalihisi mfupa wote.

Nyumbani nilimkaangia mayai matatu. Nilikopa kwa jirani. Akala mawili, akaacha la tatu, akasema, "La Kifaranga." Nikamwambia ale. Akasema ameshiba. Nikamwambia kwa sauti ambayo sikuikusudia, "Kula." Akala, huku machozi yanamtoka, nami nimesimama juu yake na kijiko cha kukaangia kama askari jela. Sijui nitaisahau lini picha hiyo.

Baba watoto amefika jioni. Nilimweleza jikoni, mlango umefungwa. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa, hata majibu nilikuwa nayo. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akashika kichwa.

"Mimi nilijua unabana mno," akasema. "Nilinyamaza. Ilikuwa rahisi kukuachia wewe uwe mbaya, mimi ninunue nyama Jumapili."

Miaka kumi na saba ya ndoa, sijawahi kusikia akisema neno zito hivyo. Nimekuwa nikiandika humu kwamba mkono wake umetoboka. Sikuwahi kuandika kwamba na mimi nilipenda awe hivyo, ili mwenye akili niwe mimi.

"Kesho kutwa twende benki," nikamwambia.

"Twende."

Mei 8, Ijumaa

Tumeomba ruhusa kazini, wote wawili. Nimevaa gauni la harusi, si la harusi yangu, la kwendea harusi za watu.

Afisa mikopo ni msichana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Miwani yake imekaa upande, sikio la kulia liko juu kuliko la kushoto. Nilijizuia nisiichukue nikainyoosha. Miaka sita nimekuwa nikipokea ujumbe wake kila tarehe ishirini na tano, "Mteja wetu mpendwa, unakumbushwa," na nilimjenga kichwani kuwa jitu. Ana mafua. Alikuwa anajifuta pua kwa karatasi za ofisini.

Baba watoto akaeleza. Akaeleza vizuri, bila kulia shida, kama anavyowaelekeza vijana ghalani mzigo upi juu, upi chini. Msichana akafungua faili letu kwenye kompyuta, akasoma, akasema, "Nyinyi hamjawahi kuchelewa hata siku moja."

"Hapana," nikasema, na zamani ningelisema kwa majivuno.

"Kwa nini hamkuja mapema? Mngekuja mwezi wa tatu, tungelimaliza mwezi wa tatu. Wanaokuja mapema ndio tunaowasaidia kirahisi."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio chetu kilikuwa kimelala sebuleni chini ya blanketi.

Hesabu ni hii. Miaka minne inaongezwa. Rejesho linashuka hadi laki tatu na elfu arobaini. Kuna ada ya kubadili mkataba, watatukata kidogo kidogo. Jumla ya riba itakayoongezeka nimeiona, imeandikwa kwenye karatasi ya pili, ni pesa ya kununua gari bovu. Tutamaliza nikiwa na miaka hamsini na sita. Baba watoto atakuwa na sitini, atatoka ghalani na kwenye deni siku moja.

"Msome, mfikirie, mrudi Jumatatu," msichana akasema.

Nikamwuliza kalamu iko wapi.

Mei 10, Jumapili

Wifi hakuja, nikamfuata. Saluni ilikuwa imefungwa, yuko ndani peke yake anafua taulo. Ni chumba kimoja. Nyuma ya pazia kuna kitanda. Nilikuwa sijui anaishi hapo hapo. Nilidhani ana chumba kule alikokuwa anakaa zamani.

Nilikuja na hasira, lazima niseme ukweli. Njiani nilikuwa nimeipanga: ulijua, ukanyamaza, mtoto wangu angekufa. Nikaisema yote. Akaendelea kukamua taulo.

"Nilikosea," akasema. "Niliapa kwa mtoto, nikaona nikivunja atanikimbia, na hata hiyo Alhamisi hatakuja. Nikajaribu kukuambia pale kwenye vyombo."

"Ulisema amekonda."

"Na wewe ukasemaje?"

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, chenye kofia ya kukaushia nywele juu. Akaniuliza nimekula. Nikasema sijala. Akafungua kabati: mkate nusu, na maharage kwenye bakuli lililofunikwa sahani. Akagawa. Alinipa nyingi, akajipa kidogo, na akafanya haraka ili nisione. Niliona.

"Unakula nini siku nyingine?" nikamwuliza.

"Nakula Jumapili kwa kaka yangu," akasema, akacheka, na safari hii alikuwa anacheka kweli. "Wifi, mvua ikinyesha nani anasukwa?"

Tukala. Nimemwambia Jumapili ijayo aje, na asipokuja nitatuma askari.

Mei 16, Jumamosi

Nimehesabu kopo. Limepungua elfu mbili. Nilimwita Dada, nikamwonyesha. Nikamwambia, hivi ndivyo linavyotakiwa kuwa. Akaitikia kwa kichwa.

Mei 19, Jumanne

Kila siku saa saba mchana Daktari ananiazima simu ya mezani, nampigia mama wa kantini. "Amekuja?" "Amekuja, mama." "Amemaliza?" "Amemaliza." Leo akaniambia, "Mama, mtoto ameniomba nikuambie usipige tena, wenzake wanamcheka." Nimeacha. Ni vigumu kuliko kuacha sukari.

Mei 24, Jumapili

Mvua kidogo asubuhi. Wifi amekuja na vitunguu vitatu kwenye mfuko, akaviweka mezani kama mtu aliyeleta ng'ombe. Nikavipika vyote.

Dada anakula. Anakula anachopewa, anasema asante, anaosha sahani yake. Haniangalii vibaya, hanijibu vibaya. Nilimwuliza kama anahitaji chochote cha shule. Akasema hapana. Kalamu? Ninazo. Viatu? Baba amegundisha. Nimerudi nyuma humu daftarini, mbele na nyuma, kutafuta lini mara ya mwisho aliomba kitu. Ni Februari. Aliomba kichana.

Nimemwambia baba watoto kwamba muuguzi amempima, kilo tatu zimerudi. Sikumwambia hili lingine. Sijui nalipimaje.

Mei 28, Alhamisi

Rejesho jipya limekwenda. Tumebaki na pesa ya mchele na bati mbili. Baba watoto amepanda juu ya paa na jirani mwenye ngazi. Kifaranga alisimama chini akitoa amri.

Juni 2, Jumanne

Jua. Nguo zimekauka kwa saa mbili. Ghalani bado hawajasema lolote kuhusu saa za ziada. Nimechoka uchovu ule unaokuja mtu akishaketi.

Juni 6, Jumamosi

Leo mchana nilikuwa nakung'uta magodoro uani. Dada akatoka, akasimama kando, mikono nyuma.

"Mama. Nimechaguliwa timu ya mpira wa wavu."

"Hongera, mwanangu."

"Tunatakiwa kununua suti ya michezo. Elfu kumi na nane."

Mdomo wangu una mazoea yake. Kabla sijafikiri ukasema, "Tutaona."

"Ukisema tutaona maana yake hapana."

"Maana yake tutaona."

"Mama, sema tu hapana, nikamwambie mwalimu amchague mwingine. Kila kitu tutaona. Tutaona, tutaona. Wenzangu wote wameshalipa, mimi peke yangu nasema mama yangu bado anaona."

Sauti ilikuwa juu, jirani akachungulia. Nikamwambia asinipandishie sauti. Akasema hapandishi. Akaingia ndani, na mlango wa chumba chao ukagongwa hadi beseni likalia.

Nilibaki na fimbo ya kukung'utia mkononi. Baba watoto akatokea kutoka pembeni, na nyundo.

"Kuna nini?"

"Dada anadai suti ya michezo."

"Tunayo pesa?"

"Hatuna."

Akanitazama vizuri. "Sasa mbona unatabasamu?"

Sikuweza kumweleza. Niliegemeza fimbo ukutani, nikaenda kugonga mlango. Nikafungua. Alikuwa amelala kifudifudi, viatu kitandani, kitu ambacho amekatazwa tangu ana miaka mitatu.

"Elfu tisa mwezi huu," nikamwambia, "na tisa mwezi ujao. Nitaongea na mwalimu mwenyewe."

Nilisubiri aseme asante, na niliogopa asije akasema basi, Mama, haina haja.

Akageuza kichwa, jicho moja likanitazama juu ya mto.

"Na raba?" akauliza.